Kushoto kwa redio yako, kulia kwa redio yako: Mpira unavyofika Kibirizi

KUNA sentensi moja ambayo kila shabiki wa soka nchini anaijua hata kama hajawahi kukanyaga uwanjani: timu fulani inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio yako. Ukiifikiria kwa utulivu, haina mantiki. Redio haina uwanja ndani. Unaweza kuigeuza kichwa chini, ukaielekeza ukutani au ukaining'iniza kwenye msumari, na Simba bado atakuwa anashambulia kwenda kulia.

Lakini mwambie hivyo mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, atakucheka. Kwake huo ndio uwanja wenyewe. Yuko katikati ya Ziwa Tanganyika, gizani, kaukalia ubao wa mtumbwi, na hicho kidude kilichofungwa kwa raba kandokando ya betri ndiyo jukwaa lake la VIP.

Chukua usiku wa Ijumaa, Aprili 5, 2024. Mashabiki hawajausahau na hawatausahau leo wala kesho. Yanga walikuwa Pretoria kwa Mamelodi Sundowns, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya suluhu ya Dar es Salaam. Usiku huohuo Simba walikuwa Cairo kwa Al Ahly wakijaribu kurudisha bao moja walilofungwa nyumbani. Nchi nzima ilikuwa kwenye vibanda umiza na sebuleni.

Kibirizi haikuwa na bahati hiyo. Ramadhani ilikuwa inaishia, maana yake mwezi ulikuwa umebaki kucha tu, na kwa mvuvi wa dagaa hizo ndizo siku za kazi.

GIZA NDIYO MSIMU

Kwa asiyeifahamu, Kibirizi ni ufukwe ulio kaskazini mwa mji wa Kigoma, chini ya milima, njiani kuelekea Gombe. Ni mwalo wa samaki na ni stendi ya majini kwa wakati mmoja. Maboti ya mbao yanapakia abiria, magodoro, kreti za soda na mifuko ya saruji kwenda Mwamgongo, Kagunga na vijiji vingine vya mwambao ambavyo barabara ni kitendawili. Wapo Warundi na Wakongo wanaokuja kwa biashara. Na juu ya yote yapo dagaa, yaliyoanikwa na yanayosubiri kuanikwa, pamoja na migebuka inayouzwa ikiwa bado inameta.

Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawashwa juu ya maji, vijidudu vinafuata mwanga, dagaa wanafuata vijidudu, wavu uliokuwa chini unavutwa juu. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Siku hizi wengi wamehamia kwenye balbu za LED zinazotumia betri. Lakini kanuni haijabadilika: mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima linakuwa na taa, dagaa hawana sababu ya kukusanyika kwako, na wavuvi wanapumzika. Mwezi ukitoweka, kila mtu yuko majini.

Kwa hiyo kalenda ya mpira ya Kibirizi haipangwi na TFF wala CAF peke yao. Inapangwa na mwezi pia. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya mwaka 2023, ile ya marudiano ambayo Yanga waliwafunga USM Alger bao 1-0 kwao Algiers kwa penalti ya Djuma Shabani na bado wakalikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini, ilichezwa Juni 3. Mwezi ulikuwa mpevu kabisa usiku ule. Mvuvi Mwananchi angeweza kuumia akiwa nchi kavu, mbele ya runinga, amezungukwa na watu wake. Hata EURO 2024 ilichezwa yote ziwa likiwa limefungwa, maana uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka ule ili samaki wazaliane. Hispania walibeba ndoo, na mvuvi wa Kigoma, mfukoni hana kitu, alikuwa na muda wote wa kuwatazama.

Aprili 5 haikuwa hivyo. Usiku ule uliwakuta kazini.

BAO AMBALO HALIKUONEKANA

Kipindi cha pili, Stephane Aziz Ki aliachia shuti. Mpira ukagonga mwamba, ukashuka chini, ukatoka. Aliyekuwa mbele ya runinga aliirudia picha ile mara kumi, akaisimamisha, akaipiga kwa simu, akaituma kwenye magrupu. Wengine walichora mstari kwa rula. Mpaka leo shabiki wa Yanga anakwambia mpira ulivuka wote, na mwenzake wa Msimbazi anamjibu kwamba mwamuzi hakuweka kati, kwa hiyo hakuna kitu.

Sasa jiweke kwa msikilizaji wa redio. Yeye hana picha. Ana sauti iliyopanda ghafla, kelele, kisha sekunde kadhaa ambazo mtangazaji mwenyewe hajui aseme nini. Ni bao? Si bao? Mwamuzi ameshika sikio. Anazungumza na VAR. Na VAR kwenye redio ni kitu cha ajabu sana: mtu anakusimulia kwamba kuna mtu mwingine, chumba kingine, anatazama televisheni. Halafu unaambiwa mchezo unaendelea. Kama wakati huo wavu unapandishwa, huna hata mkono wa kujishika kichwa.

Mechi iliisha bila bao, ikaenda kwenye matuta, Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. Kule Cairo Simba wakafungwa 2-0. Timu zote mbili zikaaga usiku mmoja.

Jambo la kujiuliza ni hili: nani aliupata mchezo ule vizuri zaidi, aliyeona au aliyesikia? Ni swali la kipuuzi kwa mtu wa Masaki. Kwa Kibirizi ni swali la kila wiki, kwa sababu asiye na chaguo la kuona anabaki na jinsi alivyosimuliwa. Mtangazaji akiwa mzembe, mvuvi amedhulumiwa dakika 90.

NENO LENYEWE

Wengi tunalisema bila kulitazama. Redio. Asili yake ni Kilatini, radius, yaani mwale, au ukipenda spoku ya gurudumu, vile vijiti vinavyotoka katikati kwenda pembeni. Ndivyo mawimbi yanavyotoka kwenye mnara. Hesabu nayo ilichukua neno hilohilo kwa ajili ya nusu kipenyo, ile ya duara la katikati ya uwanja.

Waingereza kwa muda mrefu hawakuwa na habari na neno hilo. Walikiita chombo chenyewe kwa jina lenye maana ya kitu kisicho na waya. Waswahili walikuwa na lao, na ni tamu kuliko yote: simu ya upepo. Ilikuwa jina la mawasiliano yasiyo na waya, na mpaka leo mzee wa bandarini au askari mstaafu akisema simu ya upepo anamaanisha redio ya kuongea huku na huku, ile ambayo vijana wanaiita redio koli. Kwa mtu wa ziwani jina hilo lina utani ndani yake, kwa sababu upepo ndicho kitu anachokiogopa kuliko vyote.

Angalia na maneno mengine. Masafa ni umbali, lakini redioni ni mahali unapoipata stesheni. Mawimbi ni yale yanayoupiga mtumbwi, na pia ndiyo yaliyoleta sauti. Kurusha ni kazi ya mkono, lakini kituo cha redio nacho kinarusha matangazo. Kiswahili hakikwenda kununua msamiati mpya kwa ajili ya mtambo huu. Kilichukua wa ziwani na wa shambani kikaupandisha hewani.

Halafu kuna redio mbao. Hii shabiki wa soka anaielewa kuliko mtu yeyote, hasa dirisha la usajili likiwa wazi. Redio mbao haina mnara wala leseni. Ni habari ya mtaani, inayotoka kwa mtu aliyemsikia mtu aliyepanda ndege moja na kiongozi. Straika ameshasaini, tena picha za jezi zipo, zinasubiri muda tu. Kibirizi redio mbao inakwenda kwa boti: ikitoka asubuhi, jioni iko Kagunga, na ikirudi kesho yake imeongezeka bei ya usajili.

Ufukweni pale utalisikia neno lenyewe kwa matamshi zaidi ya moja. Mtanzania anasema redio. Mrundi kwa Kirundi chake anasema iradiyo. Mkongo anafuata Kifaransa, radio, na hapo ndipo uwe makini, kwa sababu Kifaransa kinalitumia neno hilo pia kwa picha ya eksirei. Mkongo akikwambia Fiston Mayele amepelekwa radio, usikimbilie kusema anakwenda kufanyiwa mahojiano. Uliza kwanza goti linaendeleaje.

MIRABA YA HIGHBURY

Tatizo la kumwonyesha mpira mtu asiyeona halikuanza kwetu. Jumamosi ya Januari 22, 1927, BBC walitangaza kwa mara ya kwanza mechi ya ligi ya Uingereza moja kwa moja, Arsenal na Sheffield United pale Highbury, ikaisha 1-1. Mtangazaji alikuwa Teddy Wakelam, aliyewahi kucheza raga, na wiki moja kabla alikuwa ameshatangaza mechi ya raga. Inasimuliwa kwamba katika kumwandaa walimweka mbele yake mtu asiyeona, wakamwambia: msimulie huyu. Kama kuna chuo kinachofundisha utangazaji wa mpira, somo la kwanza lingetosha kuwa hilo.

Lakini hawakujiamini. Jarida la vipindi vya redio lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba minane yenye namba, msikilizaji auweke mapajani. Wakati Wakelam anasimulia, msaidizi wake alikuwa anataja namba ya mraba ambao mpira upo. Ukisikia tano, unatazama tano.

Mwaka huohuo wa 1927, mwezi Mei, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe na adui ilirudi kazini Ziwa Tanganyika ikiwa na jina jipya, Liemba. Mambo haya mawili hayahusiani. Ni vizuri tu kujua kwamba utangazaji wa mpira na Liemba ni rika moja.

Kiswahili kilipofika zamu yake hakikuhitaji karatasi. Nani angechapisha mchoro akaufikisha Mwamgongo? Watangazaji wakamkabidhi msikilizaji uwanja kupitia kitu alichonacho tayari: redio yake. Kushoto kwa redio yako, kulia kwa redio yako. Ukishapewa pande mbili, mengine unajijengea mwenyewe: wingi, kati, kona, lango. Ni ufumbuzi wa akili nyingi sana na hakuna anayejulikana kwa kuusajili.

Shule kubwa ya kazi hiyo ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo leo ni TBC Taifa. Humo zilipita sauti kama za Ahmed Jongo, Juma Nkamia ambaye baadaye alikuwa mbunge na naibu waziri mwenye dhamana ya michezo, na Charles Hilary aliyefariki dunia Mei 2025 baada ya kuipitisha sauti yake RTD, Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam. Kijana wa leo anaweza kudhani wazee wanatia chumvi wakisema wale watu walikuwa wanakupeleka uwanjani. Basi afikirie Agosti 1979, Ndola, Taifa Stars wakihitaji sare tu dhidi ya Zambia kwenda Fainali za Mataifa ya Afrika. Peter Tino akasawazisha dakika za mwishoni, 1-1, Stars wakafuzu kwenda Lagos 1980. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Aliyekuwa nyumbani, bao lile alilipata kwa masikio.

Na si zamani hizo tu. Novemba 1993 Simba walipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan, wakatoka suluhu ugenini kisha wakafungwa 2-0 Dar es Salaam mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Bara bado ilikuwa haina runinga yake. ITV ilianza 1994. Kwa hiyo kuna kizazi kizima cha Kigoma ambacho msiba ule hakikuuona. Kiliusikia. Hata mwaka 2003, Simba walipowavua ubingwa Zamalek kwa matuta kule Cairo na Juma Kaseja, kijana wa Kigoma, akiwa langoni, vijijini mwambaoni redio ndiyo iliyokuwa njia ya kumfuatilia mtoto wa nyumbani.

NDANI YA MTUMBWI

Kuna mambo ya kiufundi ambayo mvuvi anayajua kwa uzoefu hata kama hajasoma fizikia. Redio za FM, zile za kati ya megahezi 88 na 108, mawimbi yake yanakwenda karibu mstari ulionyooka. Yakikutana na mlima, yamekutana na beki. Mwambao wa kaskazini mwa Kigoma ni milima iliyoshuka moja kwa moja majini, hivyo ukiwa kwenye kijiji kilichojificha nyuma ya kilima, stesheni ya mjini inakuja na kukatika. Lakini ukisukuma mtumbwi kwenda ndani, kilima kinabaki pembeni, ziwa ni tambarare, sauti inafunguka. Ndiyo maana mtu anaweza kulalamika nyumbani redio haishiki, kisha akaipata safi akiwa majini.

Masafa ya kati na mafupi yana tabia nyingine. Mchana kuna tabaka la chini huko angani linaloyanyonya mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, mawimbi yanapanda juu zaidi, yanagonga tabaka jingine na kurudi ardhini mbali sana. Hapo ndipo usiku unazungusha swichi na kusikia lugha usizozijua. Zama za RTD, usiku ulikuwa rafiki wa msikilizaji wa mbali.

Tatizo jipya ni la ajabu kidogo. Taa za LED na zile inveta za bei nafuu zimempunguzia mvuvi gharama ya mafuta, lakini vifaa vingi vya namna hiyo vinatoa kelele za umeme zinazoingia redioni, hasa kwenye masafa ya kati. Karabai ilinuka, ilichoma vidole na ilimeza mafuta, ila haikuwahi kumkatisha mtangazaji. Leo anayetaka kusikia vizuri anaisogeza redio mwisho wa mtumbwi, mbali na betri, au anazima taa moja. Na kuzima taa ni kuwaruhusu dagaa waende kwa jirani. Fikiria uamuzi huo dakika ya 88.

Wengine wanatumia kitochi. Simu ya kitochi yenye redio inahitaji hedifoni ya waya, kwa sababu ule waya ndiyo antena. Vijana wanalijua hilo, na utawakuta wamechomeka hedifoni mbovu isiyotoa sauti upande wowote, kazi yake ni kunasa mawimbi tu, sauti inatoka kwenye spika. Simu janja nyingi za sasa hazina kabisa redio ya hivyo. Zinataka bando na mtandao, na mtandao ukishaingia kilomita kadhaa ziwani unajifikiria mara mbili.

Kuna faida moja ya redio ambayo mwenye king'amuzi hapendi kuisikia. Redio inawahi. Picha ya runinga inasindikwa, inapandishwa kwenye setilaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu, inashushwa, inafunguliwa na king'amuzi, na sekunde zinakwenda. Inayopita intaneti inachelewa zaidi. Redio ya kawaida, mtangazaji akiwa uwanjani, inaweza kufika mapema. Ndiyo maana mtu anayeingia kibanda umiza na redio sikioni anatazamwa kwa jicho baya: wenzake wanaona kona inapigwa, yeye ameshashangilia. Kwa wenye mkeka mkononi, hiyo ni jinai.

Faida hiyo inakufa pale mtangazaji mwenyewe anapokaa studio na kutangaza kwa kutazama runinga. Mechi za ugenini siku hizi nyingi zinatangazwa hivyo, na gharama za kumsafirisha mtu hadi Algiers zinaeleweka. Tatizo ni kwamba anayetazama runinga anaanza kuongea na watu wenye runinga. Anasema "umeona ile," anasema "angalia marudio." Anamchambua kocha dakika nne mpira ukiwa unachezwa. Mkataba wa Azam na TFF wa mwaka 2021, miaka 10 kwa Sh225.6 bilioni, umeifikisha ligi yetu kwenye kioo kwa ubora ambao nchi nyingi jirani wanautamani, na hakuna wa kulalamikia hilo. Ila umezalisha pia watangazaji wa redio waliosahau kwamba kuna mtu ambaye hatazami chochote.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutotaja matokeo. Mvuvi anaweza kushinda nusu saa nzima akivuta wavu, kelele za wenzake, maji, injini. Akirudi kwenye redio anataka vitu vitatu: ngapi ngapi, dakika ya ngapi, mpira uko wapi. Wazee wa RTD walivitaja kila baada ya muda mfupi, kama mtu anayempigia hodi jirani. Leo unaweza kusikiliza dakika kumi za vichekesho vya watangazaji wawili na hujui nani anaongoza.

SIKU MPIRA ULIPOKUJA WENYEWE

Mara moja mambo yaligeuka. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ililetwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kilomita chache kutoka Kibirizi. Simba na Yanga, Kigoma! Watu walitoka Dar es Salaam kwa mabasi na treni. Mukoko Tonombe akalambwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na zikiwa zimebaki kama dakika kumi Taddeo Lwanga akaunganisha kwa kichwa kona ya Luis Miquissone. Simba 1, Yanga 0.

Mwezi ulikuwa mpevu usiku uliotangulia, kwa hiyo hata kalenda ya dagaa iliikubali fainali ile. Kwa siku moja watu wa mwambao walikuwa upande wa pili wa redio: wao ndio waliokuwa uwanjani, na Tanzania nzima ndiyo iliyokuwa inasimuliwa habari za Kigoma, milima yake, ziwa lake na vumbi lake.

UPEPO

Redio haiji na mpira peke yake, na hapa Kanda ya Maziwa Makuu hilo halihitaji maelezo marefu. Mwaka 1994 kule Rwanda redio ilitumika kuchochea mauaji. Mwaka uliofuata Radio Kwizera ilianzishwa Ngara kwa ajili ya wakimbizi, na jina lake maana yake ni tumaini. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi Bujumbura, vituo binafsi vya redio vilishambuliwa na kuzimwa, na wiki hizohizo maelfu ya Warundi walijazana kwenye kaufukwe ka Kagunga wakisubiri Liemba iwabebe hadi Kigoma. Mtu aliyekimbia na redio mkononi hakuwa anatafuta matokeo ya ligi.

Kwa mvuvi wa Kibirizi, jambo zito la kila siku ni hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa utabiri wa maziwa makuu likiwemo Tanganyika, na redio ndiyo inayoufikisha hadi kwenye mtumbwi. Ziwa hili lina kina cha mita zipatazo 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na upepo wake ukiamka usiku hauulizi Simba wala Yanga. Redio ileile iliyofungwa kwa raba, kabla mechi haijaanza, inaweza kusema kesho mawimbi yatakuwa makubwa. Wapo wanaoiwasha baada ya taarifa hiyo kupita, mpira ukianza. Hapo wametumia nusu ya redio.

Nusu nyingine wanayoikosa ni ile ya kujibu. Meli kubwa zina simu ya upepo, zina chaneli 16 ambayo duniani kote ni ya kuita na kuomba msaada. Mvuvi wa kawaida hana. Ana chombo cha kusikia tu. Anaweza kumsikia mtangazaji aliye Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, akimweleza kona inapigwa kutoka kushoto kwa redio yake, lakini injini ikizima au wezi wa injini wakimzingira, sauti yake haifiki hata Kibirizi. Anachobaki nacho ni kuwasha na kuzima taa, akitumaini mtumbwi wa jirani utamtazama na hautakuwa umezama kwenye dakika za nyongeza.